Kila Mchezo kwa Kiti Chake

Kwetu kwenye vilima vya chai, rekodi ni habari ya miguu. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki: shaba ya mita 800 mjini Tokyo, mwaka 1964. Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani, alirudi kutoka Paris mwaka 2024 na dhahabu 2, ya mita 5000 na ya mita 10,000. Mei ya mwaka huohuo, jijini Eugene kule Marekani, alikuwa amekwisha kuwa mwanamke wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 29. Mtoto wa Ndanai, huku Bomet, anayetaka kuwafuata anakuta karibu kila anachohitaji nje ya mlango wa nyumbani: mwinuko, hewa nyepesi, na njia ndefu ya kwenda shuleni.

Yuko mtoto mwingine palepale Ndanai, yule ambaye miguu haimbebi. Mlima unaomjenga mwenzake humrudisha yeye nyuma. Mvua za masika zikianza, barabara ya murram hugeuka tope, gurudumu dogo la mbele huzama, na kiti hukwama kabla hakijafika sokoni. Mabingwa ninaowakusanya hapa nimewakusanya kwa ajili yake. Wengi wao ni wa aina moja, watu walioshindana wakiwa wamekaa, na ambao hawakuridhika na mchezo mmoja. Naamini hao wamefanya kazi kubwa kuliko bingwa wa mchezo mmoja, kwa sababu kila mchezo una kiti chake, misuli yake na sheria zake, na anayehama huanza tena chini kabisa. Na mmoja wao ni Mkenya.

Asiya, kutoka nchi kavu hadi majini

Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa alikuwa na umri wa miaka 2 alipopatwa na ajali ya treni. Ilimwondolea miguu yote miwili na vidole kadhaa vya mikono. Kwa mikono hiyo ameshiriki mbio za viti vya magurudumu, amecheza tenisi, na amepiga makasia mpaka Paralimpiki.

Ni rahisi kuitaja michezo hiyo mitatu kwa pumzi moja, na hapo ndipo tunapompunja. Kiti cha mbio kina magurudumu matatu, moja likiwa mbele kabisa kwenye ncha ndefu. Mwanariadha hukunja mwili, akainamia mbele, na hashiki gurudumu: hulipiga kwenye ringi yake kwa glavu ngumu, kofi baada ya kofi, maelfu ya makofi katika marathoni moja. Kiti cha tenisi ni kitu kingine kabisa. Magurudumu yake makubwa yamelala upande ili kigeuke haraka, na nyuma kuna kigurudumu kidogo kinachozuia mchezaji asipinduke. Mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na mdundo wa pili waweza kuwa hata nje ya mstari. Huo ndio upendeleo pekee. Mkono unaoshika raketi ndio huohuo unaosukuma gurudumu. Sasa fikiria kazi hiyo kwa mikono isiyo na vidole vyote.

Mashua nayo ni ulimwengu wa tatu. Asiya hushindana katika daraja liitwalo PR1, la wapiga makasia wanaotumia mikono na mabega tu. Kiti hakitelezi kama cha wapiga makasia wengine. Kimefungwa mahali pamoja, na mshindani hufungwa mkanda kifuani ili kiwiliwili kisisaidie. Pembeni mwa mashua huwekwa vielea viwili ili isipinduke. Makasia yaliingia Paralimpiki mwaka 2008 kule Beijing, na mbio zilikuwa za mita 1000. Mwaka 2017 shirikisho la dunia liliongeza umbali hadi mita 2000, sawa na wapiga makasia wasio na ulemavu. Michezo ya kwanza ya Paralimpiki kutumia umbali huo mpya ilikuwa ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya korona.

Asiya aliingia hapohapo. Alifuzu kupitia mashindano ya Afrika yaliyofanyika Tunis mwaka 2019, na Tokyo akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupiga makasia kwenye Paralimpiki. Hakupanda jukwaani. Lakini tazama waliopanda. Dhahabu ilikwenda kwa Birgit Skarstein wa Norway, ambaye pia ameshindana kwenye theluji katika Paralimpiki ya majira ya baridi, Sochi 2014 na PyeongChang 2018. Fedha ilikwenda kwa Moran Samuel wa Israeli, aliyecheza mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu kabla ya kushika kasia. Katika mbio moja, bingwa ametoka kwenye theluji, wa pili ametoka kwenye kikapu, na binti wa Mombasa ametoka kwenye tenisi na barabara. Samuel alipata shaba Rio 2016, fedha Tokyo, na dhahabu Paris 2024. Ukihesabu na London 2012, ambako hakupata medali, ilimchukua michezo minne ya Paralimpiki kufika juu, akiwa na vifaa na makocha. Asiya alikuwepo Paris pia, akirudi kwa mara ya pili katika mbio zilezile.

Nimesoma watu wakimtaja Asiya kama mfano wa kutokata tamaa, na sina ugomvi nao. Ila mimi nataka ahesabiwe kama mwanamichezo. Kumpa sifa ya ujasiri peke yake ni kumnyima sifa ya ufundi, na ufundi wa kuhama kutoka raketi hadi kasia hauji kwa ujasiri.

Aliyetangulia barabarani

Kabla ya Asiya alikuwepo Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Mihuu, Bungoma. Polio ilimpata akiwa mtoto mdogo, enzi ambazo jirani waliiona kuwa laana. Alisoma, akawa mwalimu, akaolewa, akahamia Uingereza, na huko ndiko alikokutana na kiti cha mbio akiwa mtu mzima na mama. Mwaka 2004 huko Athens aliivalia Kenya jezi katika mita 400, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki katika mbio za viti vya magurudumu kwenye Paralimpiki. Baadaye alichukua uraia wa Uingereza na kuishindania timu ya huko, na mwaka 2014 akatunukiwa nishani ya MBE.

Neno linalonigusa katika habari yake ni hilo la mahali. Alizaliwa Kenya, akasoma Kenya, akafundisha Kenya, na kiti cha mbio akakipatia Uingereza.

Walioanza

Zamani hakukuwa na ajabu kwa mtu wa kiti cha magurudumu kucheza michezo mitatu au minne. Ndivyo ilivyoanza. Daktari Ludwig Guttmann aliwatibu majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, aliwakutanisha wagonjwa 16 kwenye uwanja wa hospitali washindane kulenga shabaha kwa upinde. Kwake michezo ilikuwa dawa, na mgonjwa alipewa kila dawa iliyokuwepo: upinde, bwawa, meza ya tenisi, kikapu.

Kutoka kizazi hicho, wa kukumbukwa zaidi na Waafrika angepaswa kuwa Margaret Maughan. Alikuwa mwalimu Mwingereza huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na mwaka 1959 ajali ya gari ikamvunja uti wa mgongo hukohuko. Mwaka uliofuata alikuwa Roma, kwenye michezo inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Alilenga shabaha, kisha akapanda basi kurudi, hajui amefanyaje. Ikabidi wamtafute ndani ya basi na kumshusha, wakimwambia kwamba ameshinda. Alikuwa Mwingereza wa kwanza kupata dhahabu ya Paralimpiki. Palepale Roma akapata nyingine ya kuogelea, ambako alikuwa mshindani peke yake katika daraja lake. Mwaka 1972 alipata dhahabu katika mchezo uliochanganya upinde na vishale, na mwaka 1980 katika mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi. Dhahabu 4, michezo 4 tofauti, ndani ya miaka 20. Mwaka 2012 ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha mwenge mkuu wa Paralimpiki ya London.

Michezo ile ya 1972, huko Heidelberg, Ujerumani, ina jambo letu. Ndipo Kenya iliposhiriki Paralimpiki mara ya kwanza, na dhahabu ya kwanza ya Kenya ilipatikana hapo, na ilipatikana majini: John Britton, muogeleaji. Wakati huo michezo ilikuwa ya watu wenye majeraha ya uti wa mgongo pekee. Wasioona na waliokatwa viungo waliingia mwaka 1976 kule Toronto. Kwa hiyo kitabu cha Paralimpiki cha taifa la wakimbiaji kilifunguliwa na mtu wa kiti cha magurudumu, na sijui kwa nini hatuyasemi hayo kila mwaka wa michezo.

Heidelberg alikuwepo pia Philip Craven wa Uingereza, mchezaji wa kikapu aliyeogelea na kushindana katika riadha hukohuko. Alikuja kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki kuanzia 2001 hadi 2017.

Medali nyingi, michezo mingi

Heinz Frei wa Uswisi ana medali 35 za Paralimpiki, 15 kati yake dhahabu. Habari yake ingeeleweka haraka kwenye nyanda zetu za juu, maana alikuwa kijana anayekimbia milimani, na ni katika mbio za milimani alikoanguka akiwa na umri wa miaka 20. Alihamia kiti cha mbio, akaongeza kuteleza kwenye theluji, kisha baiskeli ya mkono. Tokyo, akiwa na miaka 63, alipata fedha katika mbio za barabarani za baiskeli ya mkono. Michezo yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1984.

Oksana Masters ndiye ningependa binti wa Ndanai amjue kwanza. Alizaliwa Ukraine mwaka 1989, miaka mitatu baada ya mlipuko wa Chernobyl, akiwa na kasoro za miguu na mikono, akaachwa katika vituo vya mayatima hadi mwanamke Mmarekani alipomchukua akiwa na miaka 7. Miguu yote miwili ikakatwa, mmoja baada ya mwingine, na mikono ikafanyiwa upasuaji ili aweze kushika vitu. Mwaka 2012 mjini London alipata shaba ya makasia, akiwa pamoja na Rob Jones, katika mashua ya wawili. Mgongo ukamkatalia, akaacha mashua. Sochi 2014 akaonekana kwenye theluji na kurudi na medali 2. PyeongChang 2018, medali 5. Tokyo akapata dhahabu 2 za baiskeli ya mkono, na miezi sita tu baadaye, Beijing 2022, akapata medali 7 za theluji, zikiwemo za mbio zinazochanganya kuteleza na kulenga shabaha kwa bunduki. Paris 2024, dhahabu 2 nyingine za baiskeli. Hadi hapo jumla ni medali 19, dhahabu 9, michezo 4.

Yeye na Asiya wameanzia karibu mahali pamoja: hawana miguu, mikono haijakamilika, na wote wamepiga makasia. Tofauti iliyobaki kati yao ni ghala la vifaa nyuma ya mmoja wao.

Kwenye viwanja vya tenisi, mfululizo mrefu kuliko wote ni wa Esther Vergeer wa Uholanzi, aliyeshinda mechi 470 mfululizo za mtu mmoja kwa mmoja tangu 2003 mpaka alipostaafu 2013. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya kikapu, bingwa wa Ulaya mwaka 1997. Naye Dylan Alcott wa Australia alipata dhahabu ya kikapu Beijing 2008 akiwa na miaka 17, akahamia tenisi, na mwaka 2021 akawa mwanamume wa kwanza katika tenisi ya aina yoyote kushinda mataji yote manne makubwa na dhahabu ya Paralimpiki ndani ya mwaka mmoja.

Kasi

Hapa kuna hesabu inayowashangaza hata wakimbiaji. Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35, na Kenya nzima ikasimama. Novemba 2021, huko Oita, Japani, Marcel Hug wa Uswisi alikuwa ameumaliza umbali huohuo kwa kiti cha mbio kwa saa 1:17:47. Angekuwa amekwisha vuka mstari dakika 42 na sekunde 48 kabla ya Kiptum. Rekodi aliyoivunja Hug, saa 1:20:14 ya mwaka 1999, ilikuwa ya Heinz Frei yuleyule.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1975 Bob Hall aliomba kuingia Boston Marathon kwa kiti chake. Waandaaji walimwambia atatambuliwa rasmi akimaliza chini ya saa 3. Alimaliza kwa saa 2:58. Hall hakukaa akisubiri kiti kizuri kitokee: aliingia kwenye karakana akaanza kuunda viti vya mbio yeye mwenyewe. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya saa 2:58 na saa 1:17 ilitengenezwa na mafundi.

Chuma

Tazama medali za Kenya za miaka ya karibuni. Henry Kirwa, dhahabu 3 Beijing 2008, mita 1500, 5000 na 10,000, katika madaraja ya wasioona vizuri. Samwel Mushai Kimani, asiyeona, dhahabu ya mita 1500 London 2012 kwa rekodi ya dunia ya wakati huo, dakika 3:58.37, akiwa na mkimbiaji kiongozi James Boit, na dhahabu tena Rio 2016. Nancy Chelangat Koech, asiyeona pia, shaba ya mita 1500 Tokyo, medali pekee ya Kenya kwenye michezo hiyo. Samson Ojuka, fedha ya kuruka mbali Paris, pekee tena. Ni mashujaa wote, na karibu wote walihitaji viatu tu, na wasioona kabisa kamba ya kushikana na kiongozi. Mary Nakhumicha Zakayo, aliyeleta fedha ya mkuki kutoka Beijing 2008, alirusha akiwa amekaa, juu ya fremu isiyosogea.

Wenye viti vya kwenda mbio hawamo, na sababu ninaiona wazi. Kiti kimoja cha mbio hugharimu maelfu ya dola, hupimwa kwa mwili wa mtu mmoja, na ukikua kinakubana. Kocha mwenye kipawa anaweza kumfundisha mkimbiaji asiye na viatu. Hawezi kumfundisha mtu mbio za kiti bila kiti.

Na bado magurudumu tunayo. Katika miji mingi ya Kenya utaona baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, pedali zikiwa kifuani, mnyororo ukishuka hadi gurudumu la mbele. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimekuwa kikitengeneza viti na baiskeli hizo. Mpakani Busia wapo waliozifanya lori: wenyewe wamekaa mbele, nyuma shehena ya bidhaa za Uganda na Kenya. Kati ya Goma na Gisenyi, Kongo na Rwanda, ni biashara inayolisha familia nyingi. Mtu anayevusha magunia mpakani kila siku kwa nguvu za mikono yake ana mabega ambayo mwanariadha wa Ulaya huyatafuta kwa miaka kwenye ukumbi wa mazoezi.

Mchezo wa watu hao upo. Unaitwa mbio za baiskeli za mkono, na uko kwenye Paralimpiki tangu Athens 2004. Ndio mchezo uliompa Heinz Frei medali akiwa na miaka 63. Ndio uliompa Alex Zanardi, dereva wa Formula One aliyepoteza miguu katika ajali ya mwaka 2001, dhahabu 4 kati ya London na Rio. Ndio wenye dhahabu 4 za Oksana Masters.

Rekodi iliyo wazi

Hakuna Mkenya aliyewahi kupata medali ya Paralimpiki kwa baiskeli ya mkono. Nafasi ya jina la kwanza iko wazi, na sioni kwa nini lisitoke Bomet au Kericho. Madaraja ni matano. Katika manne mwanariadha huendesha akiwa amelala chali, na katika la tano hupiga magoti, daraja linalowafaa waliokatwa miguu. Mchezo huu unapenda barabara ndefu za lami zenye miinuko, na barabara ya kutoka Kaplong kupita Sotik ni ya namna hiyo.

Fundi wa kuchomelea wa Ndanai anaweza kuipunguza uzito baiskeli ya mikono, akaishusha karibu na ardhi na kuiongezea gia za baiskeli ya kawaida. Chombo hicho hakitakubaliwa kwenye Paralimpiki, lakini kitatosha kujua nani ana mabega na nani ana moyo wa kupanda mlima. Kaunti hizi mbili zikiwa na baiskeli mbili halali za mashindano, zikatunzwa mahali pamoja na kupokezanwa na vijana watakaoonekana, kazi ya kuwapima na kuwaweka kwenye madaraja inaweza kuanza. Siku za michezo shuleni zipo, na mashindano ya mita 100 ya viti vya kawaida kwenye kipande cha lami hayahitaji bajeti. Mwalimu wa michezo anayesoma haya anaweza kuyaongeza kwenye ratiba ya muhula ujao.